Nyota na Samaki

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nyota, kwa sababu ya alama aliyoigonga kwenye kila chuma kilichopita mikononi mwake ujana wake wote. Hata sasa, kichwa kizima kikiwa mvi tupu, vijana wa zamu ya asubuhi wanamwita Mama Nyota na kudhani ndilo jina alilozaliwa nalo.

Kazi ilikuwa kugonga namba kwenye mikono ya usukani, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu dereva anapokata kona. Chuma hicho kikivunjika barabarani watu wanakufa, kwa hiyo kila kimoja kilikuwa na namba ya kuonyesha kimetoka tanuri gani na siku gani. Rangi hubanduka na karatasi huliwa na joto. Namba ilichimbwa ndani ya chuma chenyewe, kwa muhuri mgumu na nyundo, pigo moja moja. Mwishoni mgongaji aliweka alama yake, ili mambo yakiharibika ajulikane wa kuulizwa. Meza ya jirani alikaa kijana mwenye alama ya samaki, naye basi akawa Samaki, ingawa alikuwa hajui kuogelea hata kwenye beseni.

Huyo Samaki alikuwa na maneno, usiseme. Kutwa kumtania Nyota kwamba anagonga kama anaua mende. Nyota alijifanya hasikii, lakini Samaki alipougua na meza ile ikakaa kimya, alikosa raha mpaka king'ora cha kutokea. Siku aliyorudi kazini, Samaki aligonga namba kwenye chuma, akaweka samaki wake, kisha akakisukuma mpaka mbele ya Nyota.

"Kama unanikubali," alisema, "gonga na yako."

Alama mbili kwenye chuma kimoja zilikuwa mwiko. Nyota alitazama kushoto, akatazama kulia, akagonga. Nyuma ya namba nafasi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nyota yake ilikaa mbele. Kabla hawajawahi kukificha, mkaguzi alikuja, akili yote iko kwenye chakula cha mchana, akakizoa pamoja na vingine, kikaenda zake.

"Kikivunjika," Samaki alinong'ona, "tutaitwa wote wawili."

Waliishi na chuma hicho kama wazazi wenye mtoto aliye safarini. Walioana, wakapanga chumba nyuma ya kiwanda, wakazaa, wakasomesha, na kila mara ofisi ilipomwita mmoja wao, mwenzake alibaki roho mkononi. Samaki alikuwa na tabia ya kuinama na kuchungulia uvungu wa magari yaliyoegeshwa, mkewe akimvuta shati kwa aibu. Mpaka anafariki hakukiona.

Siku hizi namba huchorwa na mashine ya mwanga, haina kelele. Mama Nyota anasafisha vyuma vikuukuu vinavyorudishwa kutoka kwenye magari yaliyochakaa, namba zisomwe, vipimwe kama vina ufa, kisha viyeyushwe. Anasema wazi kwamba anazitamani kelele za nyundo, yeye aliyekuwa akizilaani kila jioni.

Asubuhi moja, akisugua kutu kwa brashi ya waya, samaki akatokea. Akasugua upande wa pili wa namba. Nyota ilikuwepo, imelala upande kidogo, maana siku ile aliigonga kwa haraka. Mama Nyota alikaa sakafuni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwani mikono ilijaa mafuta.

Chuma kilipimwa, hakikuwa na ufa hata mmoja. Alimwendea msimamizi, akaomba aende nacho nyumbani. Msimamizi alimheshimu kama mama yake, lakini akamkumbusha kwamba chuma chenye namba hakitoki getini, maana mjanja mmoja anaweza kukipaka rangi akakiuza kama kipya. Mama Nyota hakubisha. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wameitumikia sheria hiyo maisha yao yote. Lakini hakuondoka pale aliposimama.

"Labda tukikate, mama," msimamizi alisema hatimaye. "Msumeno upite katikati ya namba. Nusu moja uchukue, nyingine irudi tanurini."

Aliomba akate mwenyewe. Alikibana mezani, akapiga moyo konde, akapitisha msumeno taratibu mpaka nyota ikabaki huku na samaki kule. Msimamizi akaokota kipande cha nyota, akakifuta vizuri kwa kitambaa ili amkabidhi, kwa kuwa hicho ndicho chenye alama yake.

Mama Nyota alikichukua mkononi mwake, akakitupa kwenye toroli la tanuri.

"Hiyo iende," alisema. "Mimi bado nipo."

Akamtia Samaki kwenye mfuko wa aproni, akarudi mezani kwake kusugua vyuma vilivyobaki. King'ora cha jioni kilipolia, akatoka naye getini.