Pua ya Kiwanda

Jina la Pua alipewa na shemeji yake, na hakulipenda hata siku moja, ila lilimlisha. Shemeji, ambaye ni kaka wa mke wake, alifungua kiwanda kidogo cha bia kwenye jengo lililokuwa karakana ya magari. Alikuwa na kila kitu isipokuwa pua. Vumbi la nafaka lilimziba mwaka mzima, akawa mtu wa chafya na leso, na mbele ya gunia la kimea, ile shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, alikuwa sawa na mtu aliyefumba macho kwenye duka la vitambaa. Kwa hiyo kazi ya kununua vitu vya kiwanda ilikwenda kwa mume wa dada.

Na aliiweza. Gunia la kimea alilitia mkono hadi katikati, kwa sababu juu ndiko wauzaji huweka kile kizuri. Akanusa, akatafuna punje mbili, akajua kama shayiri ilikaushwa sawasawa au ililala na unyevu. Hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu wake, aliyasugua viganjani mpaka yakatoa mafuta. Yakinuka soksi, aliyarudisha. Mapipa ya mitumba aliyafungua vizibo kwanza, akanusa vizibo kabla ya pipa lenyewe. Wauzaji walimheshimu na kumchukia kwa kiasi kinachofaa.

Halafu ikaja homa. Ilimlaza wiki nzima, na siku aliyoweza kuinuka alimkuta mke wake jikoni, akamwuliza wanapika nini leo.

"Vitunguu viko kwenye moto mbele yako," mke alisema.

"Naviona. Sivisikii harufu."

Daktari alisema pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Haikurudi. Mtu mwenye akili timamu angekwenda kwa shemeji akamweleza. Yeye alikwenda kwa shemeji akasema amepona.

Usiku huohuo alimwomba mke amsaidie, na aliomba akiwa anaangalia sakafu, maana alijua anamwomba nani. Baba yao, wa mke na wa Shemeji, alimalizwa na pombe. Kaka alipofungua kiwanda, dada alimtakia heri, akaapa hatavuka kizingiti chake. Hata chupa tupu haikuingia nyumbani mwake.

"Kunusa tu?" aliuliza.

"Kunusa tu."

"Sionji."

"Nani amekwambia uonje, mama watoto?"

Wakawa wanakwenda sokoni pamoja na kikapu, kama watu wanaonunua mboga. Pua alinusa kwa madaha, macho yamefumbwa, mabega yamepanda. Kisha mke alisogea kama mtu mwenye udadisi tu, akachota kiganja, akakirudisha. Kikiwa kizuri, alitengeneza mtandio wake. Kikiwa kibaya, alisema, "Baba watoto, tunachelewa." Wauzaji wakaanza kumcheka Pua kwamba amekaliwa, kwamba kila bei ikikaribia kupatikana mke anamvuta shati. Alivumilia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa inatembea naye sokoni.

Kilichomkera kidogo, na hakumwambia mtu, ni kwamba mke alimzidi. Alisikia harufu ya panya aliyepita kwenye gunia wiki iliyopita. Alisikia moshi wa lori lililobeba shayiri. Bia ya Shemeji ikawa nzuri kuliko wakati wowote, na Pua akapigwapigwa mgongoni kwa kazi isiyo yake.

Miezi ikapita hivyo, hadi Shemeji alipotaka tangi kubwa la kuchachushia. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wenye hoteli mzigo mara mbili ya ule wa kawaida, na ili apate fedha za tangi aliweka nyumba yake rehani. Muuza mashine mmoja alikuwa na tangi la chuma kisichoshika kutu, lililotoka, kwa maneno yake, kwenye kiwanda cha juisi kilichofungwa. Pua alipanga afanye kama kawaida yake: leo aone, kesho arudi na mkewe. Lakini Shemeji alitaka kwenda mwenyewe, na pikapu, na walipofika muuzaji akasema kuna mteja mwingine anakuja saa nane.

Tangi lilisimama kwenye sakafu ya saruji, linang'aa. Muuzaji akafungua mfuniko. Pua akaingiza kichwa, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hewa ya baridi, basi.

"Vipi?" Shemeji aliuliza, leso puani. "Nilipe?"

Kusema hapana kulikuwa rahisi: tangi lingekwenda kwa mwingine, siri ingebaki. Lakini kama tangi ni zuri, lingepotea, na ahadi za Shemeji pamoja nalo. Kusema ndiyo ilikuwa bahati nasibu, na nyumba inayochezewa si yake. Pua alitoa kichwa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Shemeji, pua yangu ilikufa na ile homa."

Shemeji akashusha leso. "Na kimea cha mwezi uliopita?"

"Dada yako."

"Hopsi?"

"Dada yako."

"Dada yangu hapiti hata mbele ya mlango wangu."

"Sokoni anapita."

Shemeji alitoa simu, akampigia dada yake.

Mke alikuja na kandambili za nyumbani. Aliwasalimia wote watatu, akamtazama mumewe mara moja, akaelewa kila kitu. Aliinamia tangi, akakaa humo muda. Kisha akapitisha ukucha chini ya mpira wa mfuniko, akaunusa ukucha.

"Mafuta ya samaki," alisema. "Wameosha kwa sabuni ya ndimu, lakini mpira umeyanywa."

"Mpira unabadilishwa, mama," alisema muuzaji.

"Na koki? Na bomba la chini?"

Muuzaji akaangalia upande. Labda, alisema, labda liliwahi kuhifadhi mafuta, lakini kidogo tu, na zamani. Wakamwachia tangi lake.

Ndani ya pikapu walibanana watatu. Shemeji hakuwasha gari.

"Matangi yapo mengi, tutatafuta," alisema. "Kuanzia Jumatatu dada ananusa, nawe utabeba. Nimekasirika, shemeji, usidhani sijakasirika."

"Najua," alisema Pua.

"Nitanunua sokoni," dada alisema. "Kiwandani kwako siingii."

"Usiingie." Kaka akapiga chafya, akajifuta. "Lakini haya ulijifunza wapi? Mimi na wewe tumelelewa nyumba moja."

"Mlangoni kwetu. Baba akirudi, kabla hajafungua mdomo, nilishajua amekunywa nini. Kuna iliyomfanya aimbe. Kuna nyingine, nikiisikia tu, nakuchukua nakuingiza chini ya kitanda."

Shemeji alishika usukani kwa mikono miwili, akaangalia ukuta uliokuwa mbele yao.

"Mimi nilidhani tulikuwa tunajificha, tunacheza kombolela," alisema.

"Ndivyo nilivyokwambia," alisema dada.