Jiko la Mama Siku ya Mazoezi

Mlima wenye moto uko kaskazini, mbali na kijiji chetu cha Kwihara kiasi kwamba hata ukipanda basi Tabora mjini alfajiri, siku inaisha hujauona. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye semina ya kujiandaa na majivu ya volkano, nilikwenda kwa sababu ya chai na maandazi, nisidanganye. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, semina nimezizoea.

Siku ya pili mwalimu akasema upepo ukikaa vibaya majivu yale husafiri mbali sana, tena si kama ya kuni, ni mawe yaliyosagika yakawa unga, na wa kwanza kuumia ni wenye pumu. Hapo nikaweka kikombe chini. Mama yangu ana pumu. Vumbi la kufagia uwanja tu linamlaza siku mbili, na katika watoto wake wote mimi ndiye niliyebaki naye. Nikaandika kila neno.

Niliporudi nikapita nyumba kwa nyumba kuwaandaa watu kwa siku ya mazoezi. Funika kisima, toa bomba la paa lisimwage kwenye pipa, ingiza mifugo, funga madirisha, ziba chini ya mlango kwa kitambaa kibichi, usitoke mpaka uambiwe. Watu walinicheka waziwazi. Fundi baiskeli wa njia panda aliniuliza kama mlima nao ulihudhuria semina. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nina mdomo, najijua, na msamaha sikuomba.

Mama ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote. Alisema ameona njaa, ameona nzige, haya majivu nimeyaleta mimi. Hatujawahi kukubaliana jambo, hata chumvi ya mboga. Lakini nilipomshika mkono nikamwambia naogopa kifua chake, aliacha kubisha. Akasema basi, siku ya mazoezi atafanya yote nitakayosema.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi, ya muda wa saa mbili tu. Nilikwenda shuleni nikagonga rimu ya lori wanayoitumia kama kengele, na kijiji kikajifungia. Nikapita na daftari langu, barakoa usoni, najiona mtu mkubwa kweli. Milango imefungwa, vitambaa vipo, kuku hawaonekani. Hata kwa fundi baiskeli pamezibwa vizuri, nikampa alama ya vema huku roho inaniuma. Nyumbani kwetu nilipaacha mwisho kwa sababu nilikuwa nimepaziba kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikapiga hodi. Nikaita, kisha nikasukuma mlango. Khanga mbichi ya chini ikaukwamisha, nikaweka bega.

Mama alikuwa chini kwenye mkeka, mdomo wazi. Katikati ya chumba jiko la mkaa linawaka, na sufuria ya maharage juu yake, na sumu ya mkaa haina pa kutokea. Sisi tunapika nje, kwenye kibanda cha nyasi, miaka nenda miaka rudi. Na mimi, katika nyumba zote nilizopita, sikusema neno hata moja kuhusu jiko. Nilisema tu wasitoke. Sasa maharage yangeiva wapi?

Nilimburuta mpaka nje huku namwita. Alitapika, akafumbua macho, akalalamika kwamba kichwa kinampasuka. Kisha akanitazama.

"Mbona umenitoa? Si ulisema tusitoke?"

Niliumia sana. Maisha yangu yote mama amenibishia, na siku aliyonitii nusura nimuue. Nikamwita jirani amshike, nikakimbia kugonga ile rimu, nikapita nikipiga kelele watu wafungue milango, watoe majiko. Walitoka, wakaniangalia. Mama tulimpeleka zahanati kwa bodaboda, na kesho yake alikuwa amekaa anachambua mchele.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, akauliza ilikuwaje. Kabla sijafungua mdomo, mama akasimama. Alisema yeye ni mzee mbishi, mwanawe alimkataza kabisa kuingiza jiko, akaliingiza kwa kiburi chake. Watu wakacheka, mwenyekiti akacheka, mambo yakawa yameisha. Ningeweza kurudi nyumbani na heshima yangu nzima. Nilikaa naangalia vidole vyangu vya miguu. Kisha nikasimama.

"Mama ananifichia kosa," nikasema. "Sikumkataza. Sikumkataza mtu yeyote. Jiko nililisahau mimi."

Mama akanivuta nguo nikae. Nikabaki nimesimama, nikaomba kama kuna nyumba nyingine ilipika ndani aseme, asione haya, kosa ni langu. Fundi baiskeli akavua kofia. Nilijiandaa kwa utani wake, lakini hakunitania. Alisema na wao waliingiza jiko, mkewe alikuwa anapika uji. Mtoto wao mchanga alilala asubuhi ile, hata walipofungua mlango hakuamka, hata kunyonya hakutaka, mpaka jua linazama ndipo akalia.

"Na sisi tukafurahi," akasema, "kwamba siku hiyo hakutusumbua."