Wachawi wa Jumapili ya Matawi

Utotoni mwangu, hapa hapa Etterbeek, Ulaya, nilijua kabisa kwamba mimi ni mchawi. Sitanii. Shangazi alisema hivyo, na Shangazi hakuwa mtu wa kubishiwa. Mdogo wangu Elia, aliyekuwa bado ananyonya, alikohoa na kuhema kwa shida, nami niliyelala naye chumba kimoja nilikuwa na tabia ya kuongea usingizini. Basi, kesi ikaisha.

“Uyu mutoto anatokaka usiku,” alimwambia Mama jikoni, bila hata kupunguza sauti. “Njo yeye anamukula ndugu yake. Alors, juma lijalo namupeleka Anderlecht, kwa ule mutumishi wa Mungu. Atafunga kula mpaka ule uchawi utoke.”

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakujibu kitu. Baba alikuwa bado Bukavu, na Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyetupokea. Nyumba yake, neno lake. Lakini ukimya ule uliniuma kuliko maneno yenyewe. Je, na Mama anaamini? Nikaacha kumshika Elia. Hata akilia, nilikaa mbali nikiwa nimekalia mikono yangu.

Juu yetu waliishi Wafini, na binti yao Aino nilisoma naye darasa moja. Jumapili ya Matawi, tumerudi tu kutoka misa, nikamkuta kwenye ngazi. Jamani! Kajifunga kitambaa cha bibi kizee, mashavu kayapaka rangi nyekundu, puani kajichora madoadoa, mkono mmoja kashika birika, wa pili fungu la vijiti vyenye manyoya ya kila rangi.

“Leo mimi ni mchawi!” akasema, kwa furaha tele. “Na wewe njoo uwe mchawi.”

Nilitaka kukimbia. Akanieleza kwamba kwao Ufini, Jumapili hii watoto huvaa kama wachawi wa kale, hupita mlango kwa mlango, huwapungia watu vijiti na kuwatakia afya ya mwaka mzima, nao hupewa chokoleti.

“Mchawi anawatakia watu afya?” niliuliza.

“Sasa awatakie nini?” alishangaa.

Akanifunga kitambaa, akanichora madoadoa. Mzee wa chini alitupatia mayai ya chokoleti, tukacheka kwelikweli. Kisha Aino, ambaye hakujua lolote, akagonga kwetu kabla sijamzuia.

Shangazi alifungua. “Damu ya Yesu!” Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kabati la viatu. “Si nilisema? Sasa amekubali yeye mwenyewe, mbele ya bazungu!”

Mama akatokea, Elia mikononi. Aliniangalia kwa muda mrefu.

“Mama, ni ya kuombea watu afya,” nilisema haraka. “Ni afya tu.”

Mama akampita Shangazi, akanyoosha mikono, akaniwekea Elia kifuani.

“Bon,” alisema. “Ombea ndugu yako.”

“Uko na wazimu?” Shangazi alipiga kelele.

“Bote babili ni batoto yangu. Na kule Anderlecht, hakuna mwenye ataenda.”

Nikampungia Elia kijiti huku machozi yakinitoka. Yeye akaushika unyoya, akautia mdomoni, akapiga chafya.

Hakupona siku ile, nisiwadanganye. Ilikuwa pumu, na daktari ndiye aliyempa dawa ya kuvuta. Leo ni jitu zima, akija kwangu anamaliza sufuria. Tuliondoka kwa Shangazi, tukahamia mtaa wa Forest, vyumba viwili vyenye baridi, lakini vyetu. Shangazi simchukii. Alikuwa amezika watoto wawili kabla hajafika Ulaya, na hofu haikuachii nafasi ya kufikiri.

Hivi karibuni nilimwuliza Mama kama siku ile hakuogopa hata kidogo.

“Niliogopa, weee!” akacheka. Kisha akaacha kucheka. “Lakini niliona unaanza kujiogopa weye mwenyewe. Ile njo ingekuua.”

Nimeliwaza sana neno hilo. Miaka yote nilidhani alinipa Elia ili nimwombee afya. Kumbe mgonjwa aliyemhangaisha Mama nilikuwa mimi.