Kigoda cha Nafuna

Nafuna alizaliwa Mbale. Mwambie ainame, atakuuliza kwanza umeangusha nini. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu usichana, na uzee haukumbadilisha hata kidogo.

Huko mjini Jinja, Nafuna alikuwa mkubwa wa wanawake waliotembeza sufuria za duka moja, mtaa kwa mtaa. Kila asubuhi, kabla hawajatawanyika kwenda Walukuba, Masese na Mafubira, walikaa kikao uani. Nafuna alikuwa na sheria yake. Aliyeuza vibaya jana ndiye anakalia kigoda, na chai ya kwanza ni yake. Anasimulia alivyokataliwa. Wenzake wanajifanya wateja wale wale wabishi, wanabinua midomo, wanagonga sufuria kama wanapima tikiti maji, mpaka wote wacheke na yeye apate la kujibu. Akiinuka hapo, anatoka na sufuria kichwani kama bibi harusi.

Halafu wanajeshi walioshika serikali wakawafukuza Wahindi, mwenye duka akiwa mmoja wao. Duka akapewa Afande Adrisi, mwanajeshi ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti.

Adrisi akageuza kikao kuwa gwaride. Mstari mmoja, mikono chini. Ambaye hajauza, magoti juani. Mariat, binti mpole wa Walukuba, alipigishwa magoti siku mbili mfululizo. Tangu hapo hakuna aliyesema ukweli. Kila mmoja alijibu, "Nimeuza, afande," na sufuria zikarudi dukani jioni vile vile zilivyotoka.

Siku ya tatu Mariat alitajwa tena. Magoti yake yalikuwa bado na vidonda. Nafuna akatoka mstarini, akaweka kigoda katikati ya ua.

"Mariat, keti."

"Mimi nasema magoti!" Adrisi akanguruma, bunduki begani.

"Nimesikia, afande. Lakini nani atanunua sufuria kwa mtu ametoka kulia?"

"Wewe mama, unajua unasema na nani?"

"Na mwenye duka. Basi leo mwenye duka awe mteja. Mariat, muuzie."

Siku zile watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Mariat akaketi, akainua sufuria.

"Karibu, bwana. Tazama mali hii."

Adrisi akaitazama. Labda alitaka kumwaibisha tu. "Hii nyembamba sana."

"Ndiyo uzuri wake, bwana. Inachemka upesi. Ukirudi na njaa, bibi yako hatakuambia ngoja."

"Na ikitoboka?"

"Ikitoboka, bwana, basi huyo bibi anapika risasi."

Babirye, mmoja wa wauzaji, ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikapita mstari wote, na Adrisi mwenyewe akaonyesha meno. Mara akakumbuka magwanda yake. Akakipiga kigoda buti, Mariat akaanguka chini na sufuria yake.

"Mama, toka! Nisikuone hapa tena!"

Nafuna akamwinua Mariat kwanza. Kisha akaokota kigoda, akakifuta vumbi polepole, mguu mmoja umepasuka.

"Natoka. Duka umepewa, afande. Kikao hiki hukupewa, na huwezi kupewa."

Akaondoka bila kukimbia, mgongo wake wote mbele ya bunduki. Alikuwa anaogopa, nani angekosa kuogopa? Lakini hiyo haikuwa habari ya kumwonyesha Adrisi.

Alirudi Mbale, akaanza kuuza vyungu sokoni. Asubuhi ya kwanza alikaa kikao peke yake, akanywa chai, akajisimulia alivyokataliwa. Wauza ndizi wakasema Jinja imemharibu akili. Baadaye mmoja akasogea. Mvua zilipoanza walikuwa wamejaa, na siku moja Mariat na Babirye wakashuka kwenye basi na mabunda yao. Afande bado ana gwaride, walisema, ila mstari hauna watu.

Ule mguu wa kigoda Nafuna hakuutengeneza, ingawa mafundi walimwomba. Anayekikalia hupepesuka kidogo, hujishikilia, halafu huanza kusema.