Nilivyochagua headphone za kuzuia kelele za ndege, nikasafiri nazo na mama mkwe kutoka Mtwara hadi Dar

Wakuu, shikamooni mnaostahili, waliobaki mambo vipi.

Kuna kijana kule jukwaa la teknolojia kauliza noise-cancelling headphones zipi zinafaa kwa safari ya ndege. Wamemjibu habari za betri, bass na bluetooth. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali la msingi: ndugu, utakaa karibu na nani?

Mimi namjibu kwa yaliyonikuta. Ni kweli tupu. Nikizidisha mahali mtapajua kwa ladha, maana chumvi yangu huwa siifichi.

Miaka ya elfu mbili na kitu, nilikuwa karani wa stoo kwa mkandarasi mmoja wa mambo ya gesi hapo Mtwara. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na cheti nimekilaminate mara mbili kana kwamba mvua ingenyesha chumbani. Kwa jinsi nilivyojitangaza, kuanzia Shangani hadi Chikongola hakukuwa na mbuzi asiyejua kuwa mimi ni msomi.

Nilikuwa na mchumba, Somoe, mwalimu wa chekechea, kwao Mahurunga.

Sasa kwa watu wa kwao, mwenye neno la mwisho kwenye ndoa si baba. Ni mjomba. Baba anaweza kukubali mpaka akachoka, mjomba akikohoa tu, imekwisha hiyo. Na mjomba wa Somoe, kaka mkubwa wa mama yake, alikuwa anaishi Dar, Mbagala. Mguu ulikuwa unamsumbua, hasafiri. Mwenye shida ndiye anayemfuata.

Alishamkataa mchumba mmoja kabla yangu. Sababu sikuwahi kuambiwa. Na Somoe alinieleza mapema: "Mjomba akikataa, mimi sitoroki. Usije ukaniletea mambo ya kutoroka."

Kwa hiyo wakuu muelewe, mimi sikuwa naenda kutembea. Nilikuwa naenda kupewa mke au kunyimwa.

Ilikuwa masika. Barabara ya Dar wakati huo, kile kipande cha Somanga, mnaokijua mnakijua. Basi linaingia kwenye tope kama kiboko, linatoka baada ya abiria kufahamiana mpaka majina ya bibi zao. Tukaamua ndege. Wasafiri watatu: mimi, mama mkwe, na mdogo wake anaitwa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwepo kwa kazi maalumu. Kwa kwao mkwe haongei na mama mkwe ana kwa ana. Mkikutana njiani unapisha. Hata ukitaka kumwambia nyumba yake inaungua, unamwambia Bi Rukia, Bi Rukia anamwambia yeye, naye anauliza kupitia Bi Rukia inaungua upande gani.

Sasa turudi kwenye headphone.

Wenzangu wa stoo walinitisha. Ile ndege ni ya mapangaboi, wakasema, ngurumo zake ukishuka masikio yanaziba siku mbili. Mimi sikuogopa ndege. Niliogopa mjomba. Somoe alishanionya kuwa mjomba wake anaongea kwa sauti ndogo sana, na neno halirudii. Nikajiona nimekaa Mbagala na masikio yameziba, naulizwa swali la maisha yangu, mimi najibu "ndiyo, na kwenu pia."

Nikaanza kutafuta kinga. Chaguo la kwanza lilikuwa yale makopo mekundu ya masikioni ya pale site. Yanazuia kila kitu, lakini ukiyavaa unafanana na mtu aliyetoroka kazini. La pili, earphone ndogo za sokoni. Hizo hazizuii chochote, zinakutekenya tu.

La tatu ndilo lililonimaliza. Kulikuwa na mzungu mmoja wa mitambo anarudi kwao, anauza vitu vyake kwa bei ya kuagana. Kwenye meza yake kulikuwa na headphone kubwa nyeusi, na swichi ina taa ya kijani. Zinatumia betri ndogo moja. Akaniambia ni noise-cancelling, za kusafiria na ndege. Nilipoona ile taa, wakuu, sikusikia tena alichosema.

Lakini mimi ni msomi, sinunui bila ushauri. Nikazipeleka kwa Mwalimu Lyimo, mtu wa Moshi, aliyetufundisha fizikia darasa la jioni.

Akazigeuza, akazivaa, akazivua. "Bwana mdogo, hii inausikiliza mngurumo, kisha inatengeneza mngurumo wa kinyume. Ile miwili inauana. Lakini inaua kile kinachounguruma kwa mfululizo. Mtu akiongea, hayo maneno haiyaui. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba inaua."

Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia siku za mitihani. "Haya, nenda."

Nikaenda kuzijaribu kwenye mashine ya kusaga mihogo, maana kama zitaiweza ile mashine, ndege ni nini? Nikawasha. Subhanallah. Mashine ikaenda mbali kama imehamia Nanyamba. Halafu nikamsikia msagaji anamwambia mteja: "Na huyu naye kavaa bakuli za uji?"

Nikamgeukia, nikamjibu anavyostahili.

Hapo ndipo ningejiuliza nimemsikiaje. Sikujiuliza. Nikanunua.

Siku ya safari, uwanja wa ndege wa Mtwara, nilizivaa shingoni tangu getini. Taa nimeiwasha makusudi, ijulikane. Mama mkwe na Bi Rukia walikaa benchi la pili, mama mkwe kajifunika kanga, kanipa mgongo kiheshima. Nilipoitwa kupima mzigo, nikaziacha kwenye kiti, taa inawaka. Niliporudi nikazikuta zilipo. Nje walikuwa wanajaribu injini, kelele tupu.

Kumbukeni hapo.

Ndani ya ndege nikapangiwa kiti ubavuni mwa mama mkwe. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikamwambia Bi Rukia, Bi Rukia akamwambia mhudumu, tukabadilishana. Mimi nikakaa mbele, wao wawili nyuma yangu. Nikavaa headphone, nikawasha.

Muziki sikuwa nao. Redio ya kaseti niliiacha nyumbani. Lakini msomi aliyevaa headphone asitikise kichwa? Waya nikauchomeka mfukoni, kwenye leso, nikaanza kutikisa kichwa kwa wimbo ambao haupo.

Ndege ikapaa, mngurumo ukafa. Kimya kama msikitini baada ya swala. Nikaanza kurudia kimoyomoyo hotuba niliyomwandalia mjomba. Ilianza hivi: "Mimi kama msomi na mwekezaji katika zao la korosho..."

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya kisogo, safi, kama mtu yuko mezani kwangu. Walikuwa wanapaza sauti kushinda injini, injini yenyewe mimi nimeshaiua.

"Rukia."

"Naam, dada."

"Huyu nkwe wetu mimi sinkatai."

"Hata mimi. Kavaa vizuri."

"Nguo si hoja. Mdomo ndio hoja. Yule wa kwanza kaka alinkataa kwa nini, unakumbuka?"

"Boti."

"Boti. Kaulizwa neno moja tu, una nini? Akasema ana boti Msimbati. Kumbe yeye humo abiria."

"Na huyu naye ana boti?"

"Huyu ana mikorosho. Mji mzima kautangazia ana shamba Nanyamba. Shamba la mama zake lile. Kaka ameshauliza, anajua mpaka nkorosho upi umekauka."

Wakuu, kichwa kiliacha kutikisika. Nikakumbuka kuwa nasikiliza muziki, nikakitikisa tena, ila mdundo haukuwa ule wa mwanzo.

"Sasa atapona?" Bi Rukia akauliza.

"Akiulizwa una nini, aseme sina kitu, nina kazi na afya. Halafu anyamaze. Kaka anataka ntu anayejua kipi chake na kipi cha watu. Basi."

"Si umwambie, dada."

"Nitamwambiaje mimi mama nkwe? Halafu hasikii, huoni kajaza bakuli masikioni?"

Bi Rukia akacheka. Mimi nikamshukuru Mungu na mzungu, kwa mpangilio huo. Nikasema moyoni, hawa kina mama wanyonge hawajui teknolojia, wamenivujishia mtihani na majibu yake.

Hotuba ile niliizika angani, nadhani juu ya Kilwa.

Mbagala tulipofika, mjomba alikuwa ameketi barazani, mguu kaunyoosha kwenye stuli. Mtu mwembamba, na sauti yake kweli ndogo. Lakini masikio yangu yalikuwa wazi, ningeweza kumsikia sisimizi akisalimia.

Chai haikuletwa. Hiyo ni dalili, chai inasubiri jibu.

"Baba," akasema, "una nini?"

Mikorosho yote ya Nanyamba ilikuja mpaka kwenye ulimi, imejipanga kwa mistari. Nikaimeza mmoja mmoja.

"Mjomba, sina kitu. Nina kazi ya stoo na afya."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Mnaonifahamu humu mjue kuwa ule ndio ukimya mrefu kuliko wote niliowahi kuutoa, na sijawahi kuurudia.

"Na shamba la Nanyamba?"

"La kina mama zangu. Mimi huenda kuokota tu, tena wakiniita."

Akamtazama dada yake. Dada yake alikuwa anaangalia pindo la kanga.

"Niliambiwa wewe ni msemaji sana," mjomba akasema.

Hapo nilikuwa na majibu kumi na mawili. Sikutoa hata moja.

"Mleteeni chai," akasema.

Kwa jinsi nilivyofurahi ningekunywa chai ile na birika lake.

Tukaoana. Kwa miaka kadhaa nikawa natamba na zile headphone. Nilimsimulia Mwalimu Lyimo, nikamsimulia Somoe, jinsi nilivyowazidi akili mama zake hewani. Somoe alikuwa akinisikiliza, halafu anaendelea kukuna nazi.

Tulipopata mtoto wa kwanza, nikapeleka doti mbili za kanga Mahurunga. Kwa kwao hiyo inafungua mdomo: kuanzia siku hiyo mkwe na mama mkwe ruksa kuongea. Watu wakakaa, kanga zikapokewa, na mimi nikajiweka sawa nisikie neno la kwanza ambalo mama mkwe ataniambia mimi mwenyewe tangu tujuane. Nilitegemea dua.

Akaniangalia usoni, mara ya kwanza.

"Mwanangu," akasema, "ile siku kwenye ndege, waya wako ulikuwa unaning'inia."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Waya, mama?"

"Ulitoka nfukoni mpaka pembeni ya kiti, na leso juu. Unatikisa kichwa, waya unatikisika. Rukia alitaka kufa kwa kucheka."

Bi Rukia alikuwa pale, akaanza kucheka upya.

"Kwa hiyo mlijua kama nasikia?"

"Si uliziacha kwenye kiti, zinawaka taa? Nikazivaa. Ndege huko nje inapiga kelele, mara kimya, namsikia Rukia tu ananiambia dada vua, vitu vya watu. Nikamwambia Rukia, kumbe hivi vinazuia mashine, havizuii watu."

"Sasa mama, mbona ulisema sisikii?"

"Ningesemaje? Mdomo ulikuwa umefungwa. Sikusema na wewe, nilisema na Rukia."

Somoe alikuwa ameinamia mtoto, mabega yanatikisika. Alijua tangu wiki ile ile tuliyorudi Mtwara. Miaka yote natamba, yeye anakuna nazi.

Basi kijana wa kule jukwaa la teknolojia, ushauri wangu ni huu. Usinunue taa, kama mimi. Zijaribu palipo na mashine inayonguruma na watu wanaoongea, usikie kipi kinaondoka na kipi kinabaki. Beba betri ya akiba. Kama huna muziki, usitikise kichwa. Na usiziache kwenye kiti zikiwa zimewashwa, ingawa kwangu mimi hilo ndilo kosa lililonipa mke.

Kubwa kuliko yote: unayedhani hajui kifaa chako kinafanyaje kazi, huenda ameshakivaa ulipokwenda kupima mzigo.

Headphone bado ninazo. Sponji limebanduka, Somoe kalishonea kitambaa cha shuka, lakini taa inawaka. Mama mkwe yuko kwetu mwezi wa pili huu. Tangu mdomo ufunguliwe haujafungwa tena, na hivi sasa yuko sebuleni anamweleza Bi Rukia kwenye simu, kwa sauti ya kufika Mahurunga bila mtandao, mambo yangu yanayotakiwa kurekebishwa.

Nimezivaa hapa ninapoandika. Feni siisikii kabisa.

Karibuni wakuu, hasa mliowahi kusafiri na wakwe. Wenye kuulizia bei, siuzi.