Jina la Kageha na darasa la Kiesperanto pale Jericho

Wakuu, poleni na shughuli. Hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa kanjo, yaani baraza la jiji la Nairobi, naishi mtaa wa Jericho na mke wangu Wanjiru.

Jumamosi mchana nilikuwa nasoma Kiesperanto, lugha iliyoundwa ili mataifa yote yaelewane. Tulikuwa wachache kwenye social hall. Jua linaingia dirishani, vumbi linaelea polepole, watoto nje wanacheza bano, zile gololi, nasi tunarudia maneno ya lugha isiyo na kijiji. Hadi leo nikifumba macho niko pale.

Wanjiru akajifungua msichana. Kwao Kikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba. Akamwita Kageha, jina la mama yangu. Mimi mzaliwa wa Nairobi, nikaona ni sawa.

Kumbe kwetu Maragoli jina la mtu hungoja mwenyewe afariki ndipo apewe mtoto.

Mama akaja kumwona mtoto. Kusikia jina, akakataa kumpakata.

"Mnanizika nikiwa hai?"

Wanjiru akalia. Mama akasema kesho anarudi nyumbani. Niliumia sana, nikaona nitapoteza mmoja wao.

Nikaenda darasani tu kupumua. Mwalimu alikuwa anaeleza akuzativo, ile n inayoongezwa mwisho wa neno kuonyesha kitu kinachotendwa. *Mi vidas infanon*, namwona mtoto. Akasema jina hilo akuzativo asili yake ni Wagiriki, waliomaanisha kitu kilichosababishwa. Warumi wakatafsiri vibaya, likawa jina la kushtaki. Lugha nyingi zikalirithi hivyo, na hakuna aliyeshtaki mtu.

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa mbali, naiona nyumba yangu.

Nikarudi, nikaketi karibu na mama.

"Mama, kwao jina hupewa la aliye hai. Ni heshima. Wanjiru alikutumia zawadi, ikakufikia kama laana."

Aliangalia mikono yake.

"Mama Kageha," akamwita Wanjiru, "niletee huyo mtoto."

Wanjiru alikuja naye. Mama akampakata binti yangu, akamtazama weee.

"Haya Kageha. Sasa itabidi niishi sana. Lazima nione vile utalitumia hilo jina langu."

Nilichojifunza ni kuuliza neno limetoka wapi kabla ya kulikasirikia. Mliooana nje ya kabila, kwenu jina la mtoto lilizua nini? Semeni, niko hapa nasoma.