Siku Tulipotumwa Kulifunga Kanisa

Nyinyi mlio karibu na sufuria ya chai, wekeni vikombe chini mnisikie. Na nyinyi mnaokaa mbali huko Woodbury mnaojifanya mnaondoka, hebu vueni hayo makoti.

Kanisa letu hapa Saint Paul, Marekani, tunalitumia pamoja na Wamexico. Misa yao saa tano, yetu sisi Waswahili saa saba. Sasa kuna mzee wao mmoja, babake alipigana vita kule kwao zamani, serikali ilipofunga makanisa na kuwinda mapadre kama sungura. Wakulima Wakatoliki, babake akiwemo, wakashika bunduki wapigane na askari wa serikali. Huyu mzee wajukuu wake wamezaliwa hapa, na walimwambia wazi eti kupigana kwa sababu ya misa ni wazimu. Ikamuuma. Akatunga mchezo wajionee kwa macho. Shida, hakuna Mmexico hata mmoja aliyekubali kuwa askari wa serikali, hata wa kuigiza. Ndio akatujia sisi wanakwaya.

"Ndugu yangu," akaniambia kwa kile Kiingereza chetu cha kuungaunga, "ingieni na ubaya. Nataka hawa watoto waogope."

"Mzee, mimi nimetoka kazini, shifti mbili mfululizo huko Maplewood. Nikikuangalia tu na huu uso wa uchovu, wewe mwenyewe utahama."

Tukapewa sare na bunduki za mbao. Mazoezi tulifanyia ukumbini, na tulikuwa wabaya, jamani. Mama mmoja wa sauti ya pili alijiogopa mpaka akalia.

Siku ikafika. Kanisa limejaa, watu wamekaliana mabegani. Padre wa mchezo yuko altareni. Nikapiga mlango teke, mpaka mji wa pili, Minneapolis, wote ukasikia. Niko mbele, uso umekunjamana kama viazi vya mwaka jana, askari kumi na wawili nyuma yangu. Hatua ya kwanza tu, mkono ukaenda wenyewe kwa maji ya baraka pale mlangoni, kama kila Jumapili. Nikafanya ishara ya msalaba. Nyuma wote wakapanga laini, mmoja mmoja, wakachovya vidole. Tukafika mbele, tukapiga goti sote kumi na watatu, bunduki tumezilaza chini na adabu. Halafu ndio tukamkamata padre.

Mzee akajifunika uso na kofia.

Mjukuu wake msichana, aliyekaa naye kiti cha kwanza, akamgeukia, kanisa lote likisikia:

"Babu, mbona hawa wanasali kutushinda? Sasa babako alikuwa anawapiga risasi za nini?"